Kikombe cha Suresh

Wadau, leo asubuhi nimenyamazisha chumba kizima kwa kunywa chai tu.

Hapa Batha, huku Saudia, tunakaa madereva sita. Mkenya ni mimi peke yangu, wengine ni Wahindi. Kikombe changu sikukiona, nikachukua kile kinachotundikwa peke yake msumarini karibu na mlango. Cha Suresh, Mhindi mwenzao.

Nikamimina chai, nikapiga funda.

Mmoja akaniambia, "Hicho hatukigusi. Kwetu, watu wa tabaka lake ni najisi."

Najisi? Suresh huyu anayeoga mara mbili kwa siku?

Suresh mwenyewe akaninong'oneza, "Kaka, kirudishe. Watakutenga na wewe."

Nikamaliza chai yangu.

Jioni hii natoka kazini, nakuta kikombe changu kimetundikwa kando ya chake.

Nimekiacha hapo hapo. Wewe ungekiondoa?