Nyumba Iliyoipa Barabara Mgongo

Ujumbe umeingia jana asubuhi kwenye grupu la saiti ya ujenzi, nami mpaka sasa nasubiri mtu aandike kwamba wamekosea jina. Kaka Mutiso, fundi wetu, amefariki kwao Kenya. Homa ya siku chache tu.

Wengi humu mnajua siandiki. Nasoma, nalaiki, napita. Leo naandika kwa sababu kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, na Bibi ameniruhusu nilitoe.

Fundi hakukosea vipimo. Nilimwomba mimi.

Kwa wasiomjua: alikuja hapa Mahege na timu ya kanisa kutoka ng'ambo ya mpaka, baada ya mafuriko ya Rufiji kubomoa nyumba za watu. Walizijengea familia zisizo na uwezo, na hawakumuuliza mtu anaswali wapi.

Nilimjua kwa sababu ya kitabu. Nilikaa juu ya rundo la matofali nikisoma, akafika na toroli, akasema anaomba ruhusa ya Mwalimu achukue kiti chake. Tangu hapo jina langu likawa Mwalimu.

Pima maji, kile kipimo cha kunyooshea ukuta, haikumtoka mkononi. Tofali likiinama hata kidogo, alilitoa. Wenzake walimtania kwamba hata ugali hali mpaka aupime kwanza.

Siku ya kupima nyumba yetu, timu iliona uani pana sehemu nyeupe, tambarare, haina hata jani moja. Wakafurahi. Wakapigilia vigingi na kuvuta kamba palepale. Nani asingedhani ni kiwanja kilichoandaliwa?

Bibi alitoka, akaiangalia ile kamba, akasema nyumba haitaki tena. Akarudi ndani ya kibanda chetu cha maturubai.

Supavaiza alimbembeleza sana. Bibi hakutoa sababu. Mwishowe akaambiwa kwa upole kwamba asipokubali hadi kesho yake, vifaa vitapelekwa kwa familia nyingine, kwa kuwa mvua ziko karibu. Sikumlaumu yule baba. Wasio na paa walikuwa wengi.

Lakini mimi sababu niliijua.

Pale wamelala babu yake Bibi na mkewe. Walikufa kwa njaa iliyofuata vita vya Maji Maji, mashamba yalipochomwa moto, wakazikwa haraka bila alama yoyote. Baba yake Bibi, aliyekuwa mtoto wakati huo, ndiye aliyeanza kupafagia kila Ijumaa ili nyasi zisipameze. Akamwachia Bibi kazi hiyo. Majirani zetu wengi walihamia baadaye, wanadhani Bibi anapenda usafi tu.

Kwenye kitabu cha Historia vita vile vina kurasa chache. Uani kwetu vina upana wa mkeka.

Bibi aliogopa kusema. Aliona wageni wa kanisa watadhani tunaabudu wafu, na hata hapa kijijini wasingekosekana wa kudhani hivyo. Nami nimelelewa kwamba jambo alilolinyamazia mkubwa, mtoto halisemi.

Jioni ile nilimfuata Kaka Mutiso alipokuwa anaosha mwiko wake. Nikasimama tu. Hakunihimiza. Aliendelea kuosha mwiko ambao ulikwisha takata.

Nikamwambia yote, nikamwomba ahamishe kamba.

Akauliza jambo moja: "Vichwa vimeelekea wapi?"

Nikamwonyesha. Akaenda kung'oa vigingi kimoja kimoja, akizunguka kwa pembeni, pale katikati hakupakanyaga.

Nafasi iliyobaki ilikuwa finyu, kati ya mkorosho na bonde linalojaa maji. Nyumba ingeenea kwa namna moja tu: igeuzwe, mlango utazame shamba, mgongo utazame barabara. Alfajiri, wenzake hawajafika, alikuwa amekwisha anza kuchimba msingi.

Supavaiza alipouliza kwa nini ramani imepinduliwa, alijibu mbele ya wote: "Nilikosea kupima, mkubwa. Na msingi nimeshauanza."

Mtu wa pima maji, jamani. Alisemwa mpaka aibu nikaiona mimi.

Bibi akatoka, akaangalia kamba ilipohamia. Hakuniuliza nani amesema. Aliingia ndani, akarudi na bakuli la uji wa mchele, akampa fundi kwa mikono miwili.

Kijiji kilicheka, na mpaka leo kinacheka. Mama Zuhura, jirani yetu, kila akipita lazima aulize, "Hivi hii nyumba yenu imenuna? Mbona inatupa kisogo?" Kaka Mutiso alimjibu kwamba ina haya kama Mwalimu, ikizoea watu itageuka.

Siku ya kuondoka nilimuuliza kama haimuumi kuitwa fundi asiyejua kupima. Alikuwa anafunga mzigo wake, hata hakuinua kichwa.

"Waache waseme, Mwalimu. Si nitakuwa mbali? Sitasikia."

Alisema akirudi kwa awamu ya pili atanikuta nimemaliza Form Four. Nimebakiza mwaka mmoja.

Jana nilipompa Bibi habari, alikaa chini mlangoni. Kisha akasema, "Waambie watu hakukosea." Basi nimewaambia. Mama Zuhura, kama unasoma hapa, naomba usicheke tena.

Leo ni Ijumaa. Bibi mgongo unamuuma, nimefagia mimi. Nilipomaliza sikuweka ufagio chini. Nilisogea upande wa mkorosho, nikang'oa nyasi, nikaanza kufagia upana wa mtu mmoja.

Bibi akauliza kutoka barazani, "Hapo pa nani?"

"Pa fundi, Bibi."

"Kwao si watamzika?"

"Watamzika."

Akautazama mkorosho. "Basi fagia mpaka kwenye mti. Alikuwa mrefu yule."

Lala, Kaka Mutiso. Nimefagia mpaka kwenye mti.