Ofisi ilihamishwa Kitui, mguu wa Mutua ukapona town

Wakuu, niaje? Mimi husoma tu za wenyewe humu na kucheka kimyakimya. Leo wacha nitoe yangu. Sijaongeza chumvi, anayebisha aje kwangu Waithaka.

Mimi ni mama wa watoto watatu, na nafanya kazi serikalini, ofisi moja hapo town. Jina la ofisi siwapi, bado napenda kazi yangu.

Mwaka jana boss wetu, Madam Nekesa, alituita mkutano. Akasema Nairobi imejaa, idara yetu inahamia Lodwar, kule Turkana. Wachache tu ndio watabaki.

Weeh! Hata aliyekuwa akitafuna njugu aliacha.

Wiki iliyofuata ofisi ilikuwa kama wodi. Huyu presha, yule vumbi linamziba kifua. Jamaa mmoja wa Parklands akasema daktari amemkataza joto. Joto, wakuu!

Lakini bingwa alikuwa Mutua, tuliyekuwa tunakaa naye dawati moja. Alikuja akichechemea na mkongojo. "Ni nyonga, Mama Brian. Lodwar siwezi."

Akawekwa kwa wale wa kubaki.

Mimi niliyekubali kuwa mzima nikapangiwa kwenda. Bwanangu ana karakana ya kuchomelea mageti huku Waithaka, na kitinda mimba wetu ndio ameanza shule. Niliingia choo cha ofisi nikalia, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Kisha mambo yakabadilika. Madam akatuita tena: "Si Lodwar. Ni Kitui."

Mutua aliruka juu kwa furaha. Halafu akakumbuka nyonga, akakaa polepole.

Mnaona shida? Huyo ni mtu wa Kitui. Bibi na watoto wako huko, huwaona mwisho wa mwezi tu.

"Sasa nitafanya nini?" akaninong'oneza.

"Pona."

"Nipone aje?"

"Si kuna maombi ya lunch hour? Ukipona, tunabadilishana. Wewe uende, mimi nibaki."

Kesho yake tukaenda. Pastor alipoita wagonjwa, Mutua alichechemea hadi mbele. Alirudi mbio, mkongojo juu, akipiga nduru. Mama mmoja kando yangu alilia machozi ya kweli. Hapo niliona haya kidogo. Kidogo tu.

Tukaenda moja kwa moja kwa Madam.

"Madam, Bwana amenitembelea!" Mutua akasema, akirukaruka kama amekanyaga makaa. "Naomba niende Kitui, Mama Brian abaki na nafasi yangu."

Madam akavua miwani. "Mutua, ulikuwa unaumwa mguu gani?"

"Wa kushoto, Madam."

"Jumatatu ulikuwa wa kulia. Huo mguu wako ulihama kabla ya ofisi."

Nilitamani sakafu inimeze. Mutua akabaki amesimama na mguu mmoja juu.

Madam akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho, halafu akarudisha miwani.

"Mmoja ana watoto huku, mwingine ana watoto kule. Ni nini ilikuwa ngumu kuniambia hivyo?" Akaangalia dirishani. "Mimi mwenyewe nawaacha wangu Kilimani. Hakuna aliyeniuliza."

Akatubadilisha hapo hapo.

Siku hizi Mutua hula lunch kwake nyumbani, na hunitumia picha ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kunitesa. Mimi niko town na simu za idara nzima, zote zinalia kwangu. Lakini jioni nasahihisha homework ya watoto wangu.

Madam huja Nairobi Ijumaa jioni na kupitia ofisini, macho mekundu kwa uchovu. Siku hizi mimi humuuliza watoto wake wako aje.

Funzo langu: ukiambiwa uhame, ingia kwa boss useme kitu iko nyumbani kwako. Ugonjwa wa kubuni unaweza kukufungia mlango ule ule unaoutaka.

Haya, nyinyi mliowahi kuhamishwa, mliugua nini? Semeni tu, Madam hayuko humu. Nadhani.