Tetemeko la Barafuni na Ukuta wa Kenga

Kenga wa Kaloleni ajenga kuta za Mji wa Kale tangu miye sijabaleghe. Kusoma hakusoma, azijuazo ni tarakimu tu. Chokaa yake huiloweka wiki tatu, na ukimharakisha hukuuliza kama mamako alikuzaa kwa wiki tatu. Tangazo hana. Nyumba moja humtaja kwa nyingine, basi, ndiyo riziki yake.

Mwaka wa tisini na sita Crispus nusura alizike jina hilo. Huyu Crispus alikuwa msimamizi wa nyumba ya Bi Mwanakheri, karibu na Makadara. Bibi alipokwenda Lamu kuwatazama wajukuu, bwana huyu akachimba shimo la tangi la maji mguuni pa ukuta aliojenga Kenga. Ukumbini ukatokea ufa mwembamba kama uzi. Kenga akauona, akamwambia afukie shimo lile upesi. Kisha akafanya wafanyavyo mafundi wetu wa chokaa: ufa haujazwi siku ile. Hupakwa ulimi wa chokaa, ukanda mwembamba wa kuukingama ufa, ukaandikwa tarehe kwa msumari. Ulimi ukikatika, ujue ukuta wenda, bado wasogea. Crispus akaitika sawa, fundi, na shimo likabaki wazi.

Bibi akarudi tarehe kumi ya mwezi wa tatu, akakuta pale ukutani pametundikwa kalenda mpya. Zawadi ya Crispus. Kiasi cha siku kumi baadaye ufa ukachomoza juu ya kalenda, waingia kidole. Bibi akauliza kulikoni.

Na Crispus, msomi wetu, alikuwa amesikia redioni kwamba tarehe kumi na saba kulipita tetemeko chini ya bahari, huko kaskazini kwenye barafu. Basi ndilo hilo! Akatoka barazani akatangaza: tetemeko dogo tu, na ukuta wa Kenga umeshindwa. Kesho yake tajiri mmoja wa Mbaraki, aliyekwisha kumwahidi Kenga kazi ya nyumba nzima, akamtumia salamu kuwa ameghairi.

Siku Kenga alipokuja nilikuwapo. Sijamwona mtu akighadhibika kwa adabu vile. Alivua kofia, akamwamkia Bibi, akaulizia magoti yake, ndipo akamgeukia Crispus.

"Tetemeko hilo lilikuwa kubwa?"

Crispus akasema jepesi, la juu juu, hata huko kwenyewe hakuna aliyelihisi.

"Kumbe limewapita dubu wa barafuni wamelala, likaja mpaka Makadara kunitafuta mimi."

Watu wakacheka. Mimi hasira haikuniacha nicheke. Miaka thelathini ya mtu aifute mtu kwa taarifa ya habari!

Kenga akamwomba Bibi aiondoe kalenda. Papo hapo Crispus akakumbuka kuna mtu amngoja Feri. Bibi akamwambia, "Keti." Akaing'oa kwa mkono wake. Nyuma yake ulimi wa chokaa, umekatika katikati, na tarehe ya msumari: 4/3.

Bibi aliitazama tarehe, akamtazama Crispus, akasema shimo lifukiwe leo hii na Kenga aujenge ukuta upya. Kenga akakataa kushika mwiko kabla Crispus hajasimama barazani, pale pale alipomtangaza, akayafuta maneno yake.

Crispus akasimama, akanung'unikia viatu vyake.

"Sauti, bwana," Kenga akasema. "Wa Mbaraki hawajasikia."