Tjitske na Seli Zilizogoma Kufa

Katika maabara moja ya mjini Groningen alikuwapo fundi wa seli aitwaye Tjitske Wiersma, mwanamke wa miaka hamsini na minane, binti wa wafugaji wa Friesland. Hakumwamini mtu mpaka amhakikishe mara mbili. Wenzake walimcheka, lakini kazi yake haikuwahi kurudiwa kwa kosa.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika mmoja, seli huuziba kwa kusoma mwenzake. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, seli yenye afya hutafuta nakala pacha ya DNA hiyo na kujaza pengo kwa kuinakili herufi kwa herufi. Seli za Tjitske zilikuwa zimeondolewa jeni ya njia hiyo. Zilibaki na njia ya pili, ya kugandisha ncha yoyote kwa ncha yoyote, ovyo ovyo. Kwa hiyo akizitia Jumatatu dawa inayosababisha DNA ikatike, kufikia Ijumaa zilikuwa zimekufa. Miaka sita hazikuwahi kumwangusha.

Mwezi wa tatu akaja Marnix, mtafiti kijana kutoka Limburg, kule kusini wanakocheka hata kwenye mazishi. Alileta keki ya cheri siku ambayo haikuwa ya kuzaliwa ya mtu yeyote. Tjitske hakuigusa.

"Keki bila sababu?" alimwambia Hedwig, mkuu wa maabara. "Huyu ana lake jambo."

Wiki ya tatu, chupa moja ya seli ikagoma. Zilitiwa dawa, zikaishi. Wiki iliyofuata, tena.

Tjitske akashuku kuna mtu anazibadilisha. Yeye ambaye hajapaka kucha maishani alinunua rangi nyekundu ya kucha, akatia nukta chini ya kila chupa, kisha akazipanga vizibo vikielekea mlangoni mwa kabati la joto la kulelea seli. Asubuhi akakuta mbili zimegeuzwa.  Nukta zilikuwapo, lakini nukta hupakwa na yeyote.

Marnix naye alilizunguka mno kabati lile. Siku moja Tjitske alimfuma.

"Unatafuta nini humo?"

"Naangalia tu, Tjitske."

"Kuangalia hakugeuzi chupa."

Marnix akaiva uso, akaenda zake.

Saa nne, wakati wa kahawa, mbele ya watu tisa, Tjitske akalitoa la moyoni. "Marnix anabadilisha seli zangu. Anatia zenye afya ili aonekane kagundua jambo."

 Marnix akaweka kikombe chini. "Mimi? Mimi nilidhani ni wewe unayezibadilisha ili kuniharibia!" Akatoa simu, akaonyesha picha arobaini za chupa zilezile. "Niliambiwa mafundi wa zamani hawapendi wageni. Nazigeuza nipate kupiga picha maandishi."

"Nani kakwambia?"

"Simtaji."

"Basi mmekuwa polisi nyote wawili," Hedwig akasema. "Zipimeni hizo seli, pamoja, meza moja."

Wakapima, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Seli zilikuwa zilezile, na jeni iliyoondolewa haikuwapo. Lakini kwenye hadubini, pale DNA ilipokatika, ziling'aa nukta za kijani: dalili ya ile njia ya kunakili, ambayo ilipaswa kuwa imefungwa.

Baada ya siku kumi wakapata sababu. Kuna protini inayokaa kwenye ncha zilizokatika na kuzuia zisichongwe, na ncha isiyochongwa haiwezi kumtafuta pacha. Jeni waliyoiondoa ndiyo husaidia kuisukuma kando. Sasa kati ya mamilioni ya seli, moja ilikuwa imepoteza kwa bahati protini hiyo yenyewe. Njia ikafunguka, seli hiyo ikapona, ikazaa, ikajaza chupa. Watafiti wa miji mingine waliwahi kuona mfano wake. Tjitske na Marnix hawakutarajia kuuona kwao.

"Nimekusingizia," Tjitske akasema, "tena hadharani."

"Na mimi nimekusingizia moyoni. Sema tu mimi sikupaza sauti."

Kesho yake, saa nne, Tjitske alisimama mbele ya watu walewale tisa, akaomba radhi kwa sentensi mbili, akaketi.

Walifanya kazi pamoja miaka minne, mpaka Tjitske alipostaafu. Hawakuwa marafiki wa kutembeleana. Ila kila Marnix alipopata matokeo mazuri kupita kiasi, wa kwanza kumwonyesha alikuwa Tjitske. Naye alikuwa akiyasoma polepole, miwani ikiwa puani, kisha anamrudishia karatasi.

"Siamini. Rudia."

Na Marnix anarudia.