Mashine Isiyojua Kungoja

Sponji ya hedifoni ikipata joto la masikio hutoa harufu ya mpira na vumbi. Leo asubuhi harufu hiyo imenirudisha mtaani kwetu Mbotela, darasani, siku mwalimu wetu alipoleta tableti ya kutupima Kiingereza cha kusikiliza na kuzungumza.

Mashine ilikuwa ikiuliza, mtoto anajibu, nayo inampa alama. Mimi nilikuwa na kigugumizi. Mwenzangu wa dawati akaninong'oneza, "Wacha kuogopa, hiyo kitu haiwezi kukucheka."

Sauti ya mwanamke ikaniuliza masikioni mama yangu anafanya kazi gani. Jibu nililijua vizuri. Lakini neno la kwanza likakwama kooni, na kabla halijatoka mashine ikalia tiii, ikanipa sufuri. Nikajaribu tena. Sufuri. Machozi yakanilengalenga.

Mwalimu akanivua hedifoni, akaivaa yeye, akasikiliza swali na ile tiii iliyolifuata upesi, akasonya. "Kumbe shida si wewe. Hii mashine haina adabu, inamkatiza mtu maneno!" Akaizima, akavuta kiti, tukatazamana. "Haya, mama anafanya kazi gani?"

Nikaanza. Nilikwama, nikapumua, nikaendelea. Hakunimalizia neno hata moja. Kengele ya mapumziko ikalia, wenzangu wakatimka nje, naye hakugeuka. Nikamweleza kwa Kiingereza jinsi mama anavyokata ngozi pale soko la Kariokor na kushona viatu, na kwamba huimba akishona.

"Huimba nini?" akauliza.

Nikamwimbia wimbo wote, bila kukwama popote.