Sensei ameniuliza nani alinifundisha karate

Leo sensei wangu amenisifia, na nimelia njia nzima hadi nyumbani Kwa Mrombo.

Iko hivi.

Sensei Elibariki amenifundisha karate tangu nikiwa msichana wa shule. Tangu apate kiharusi, kumbukumbu zinamtoka. Asubuhi mkewe, Mama Neema, akanipigia: "Njoo umfanyie ile kata anayoipenda. Labda itamrudisha."

Kata ni mapigo na kujikinga kwa mpangilio, unafanya peke yako kana kwamba umezungukwa na maadui. Hiyo alinifundisha mwenyewe, akinirekebisha kiuno na kisigino mpaka nikamchukia. (Mliopita kwake mnajua!)

Nikavaa sare, nikaenda kwake Themi.

"Shikamoo, sensei."

"Marahaba, mama. Karibu."

Hajawahi kuniita mama.

Nikainama, nikaanza pale uani. Katikati nikaona mguu wake unasogea. Mkono ukakunja ngumi! Mama Neema akaziba mdomo kwa kanga. Nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Nilipomaliza, akapiga makofi.

"Safi sana. Nani amekufundisha?"

"Ni wewe, sensei."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayetaniwa na mgeni.

"Hapana, mama. Mimi karate siijui."

Mama Neema akaingia ndani, akafunga mlango.

Mliouguza mtu wa hivi, niambieni ukweli: huwa wanarudi?

Tafadhali msiniandikie kwamba atapona. Nilikuwa nimesimama mbele yake, nikamwangalia machoni. Hanijui kabisa.