Kikohozi Nilichopanda Nacho Mlimani

Jumatatu asubuhi binti wa jirani yangu wa zamani alinipigia simu. "Uncle, daddy ametuacha," alisema, kisha Kiswahili kikamwishia, akamalizia kwa Kiingereza. Wengi wenu hamkumjua marehemu. Alikuwa Mkongo wa makamo, mfagiaji katika kiwanda kimoja kule Aston, na kwa miaka kadhaa tulikuwa majirani ghorofani Ladywood, hapa Birmingham. Nilimwita Papa, yaani baba, kama walivyomwita Wakongo wenzake. Wachache tulijua kwamba kabla vita havijamtoa kwao, kazi yake ilikuwa kuwatafuta gorila msituni na kuwapeleka wageni kuwaona.

Ni yeye aliyenitia hamu. Nilipokwenda Uganda likizo, nami nikapata nafasi ya kupanda mlimani kuwaona. Nilifika nikiwa na kikohozi. Asubuhi ile kiongozi wetu aliuliza kama kuna mwenye mafua au kikohozi, kwani maradhi yetu huwaua wale wanyama. Nilikuwa nimeisubiri safari ile mwaka mzima. Nikanyamaza, peremende ya kikohozi mdomoni. Tulipanda kwa muda wa saa nne nzima, matope na majani yanayowasha, hadi tukamkuta jike ameketi na mtoto kifuani, akimchambua manyoya taratibu. Mtoto akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe yeyote: bila hofu, bila kuniomba chochote. Machozi yakanitoka. Kisha nikakohoa, mara mbili, nikijiziba kwa mkono wa shati.

Niliporudi Birmingham nilimsimulia Papa. Alifurahi kama aliyeletewa salamu za nyumbani. Akauliza mama alimshikaje mtoto, walikuwa wanakula majani gani. Kikohozi nilikitaja mwisho, kama kichekesho. Akaweka kikombe chini.

"Haukuwaambia?"

"Wangenizuia, Papa."

"Njo maana wanauliza," alisema kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

Kisha akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu mwingine hapa. Zamani, kule kwao, alifika mgeni anayekohoa. Papa alimsikia. Mgeni akamsihi kwamba ametoka mbali. Akamwonea huruma, akampitisha. Baada ya siku chache kundi zima lilikuwa linakohoa, na jike mmoja akambeba kwa siku tatu mtoto wake aliyekufa, akikataa kumweka chini. "Nilimufuata zile siku zote," alisema. "Nilitaka anione."

Tangu hapo alinisalimia tu kwenye lifti, bila kuzidisha neno. Baada ya miezi miwili akagonga mlango wangu. Alikuwa amempigia simu binamu yake anayefanya kazi kule nilikopanda. "Wako wazima," alisema. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Akanikatiza: "Lakini wewe haukujua." Hakuingia ndani. Baadaye alihamia kwa bintiye, nami nikawa kila juma nasema nitakwenda kumtazama.

Picha niliyompiga yule mtoto wa gorila ilikuwa ukutani kwangu. Wageni waliisifu, na mimi nikawasimulia machozi yangu, si kikohozi. Nimeiondoa. Tunaoishi ughaibuni tunarudi Afrika tukitaka kuguswa moyo, na tukishaguswa tunadhani tumependa. Papa alipenda, na huruma aliyomwonea mtu mmoja ilimtesa hadi mwisho. Mimi niliponea kwa bahati tu, na bahati si utu. Kuna siku ambapo kupenda ni kusema mbele ya watu, "Mimi ni mgonjwa," kisha ukabaki chini, wenzako wakipanda.